Zimwi ukishalijua, linatisha tena? Uzi wa Alien, 1979 mpaka leo

#1 Mzee wa Kaseti
Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni miaka mingi, leo nalitema.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Haya, na zimwi ambalo wewe ndiye unalijua? Mimi nasema hilo halili kabisa, linabaki pambo la sebuleni. Kwa hiyo dai langu ni hili: Alien, mfululizo wetu wa muvi za kutisha, ilikufa mwaka 1986, muuaji ni James Cameron aliyeongoza namba mbili, Aliens, na silaha aliyotumia inaitwa malkia.

Rudini kwenye namba moja ya Ridley Scott, 1979. Watu saba kwenye chombo cha mizigo, Nostromo, wanavuta tani milioni 20 za madini kurudi duniani. Yai linafunguka, kidude kinamkaba Kane uso, mtoto wake anatoka kifuani mezani watu wakila, na ndani ya saa chache ni lijitu linalogusa dari. Linataka nini? Hatuambiwi. Linakula? Hatulioni likila. Halina macho, kwa hiyo hata hujui kama limekuona. Unazima televisheni unabaki na maswali, na maswali ndiyo yanayokufanya uende msalani na taa zote zikiwaka.

Miaka saba baadaye anakuja Cameron: aah, kumbe mchwa! Kuna malkia anataga, kuna askari, kuna kichuguu. Mchwa namjua. Mchwa nampulizia dawa. Na tangu siku hiyo kila mwongozaji anayepewa usukani anaongeza karatasi kwenye faili la maelezo, mpaka sasa tunajua lilitoka wapi, nani alilitengeneza na kwa kinyongo gani.

Nasubiri mawe.

#2 Kichwa Ngumu
Mawe hayo yanakuja. Aliens ya 1986 ilimpa Sigourney Weaver nafasi ya kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa muvi ya bunduki na majini ya anga za juu. Ikabeba Oscar mbili, ya madoido na ya sauti. Kama hicho ndicho kifo, na mimi niuawe hivyo hivyo.

Halafu mzee, wewe unaogopa maelezo tu. Mchwa wanatisha. Umewahi kufukua kichuguu ukamwona malkia mwenyewe? Lile tumbo linavyopwita?

#3 Nipo Nipo
Nimevuta kiti mbele. Endeleeni.

#4 Binti Nyota
Mzee wa Kaseti, andiko zuri, ila umepuuza kitu. Hilo fumbo unalolisifia halikupangwa. Scott alikuwa na jibu lake na alilipiga picha kabisa: Ripley, steringi anayechezwa na Weaver, anashuka chini ya chombo anamkuta nahodha Dallas amegandishwa ukutani, bado yu hai, na mwenzao Brett pembeni amekwisha kuanza kugeuka yai. Dallas anaomba auawe, Ripley anawachoma moto. Kipande kikaondolewa kwa sababu kilikuwa kinapunguza kasi ya mwisho wa muvi. Kilirudi kwenye toleo la mwongozaji la 2003.

Kwa maana hiyo 1979 zimwi lilikuwa na maelezo yake, mkasi tu ndio uliyaficha. Cameron alikuta tundu akalijaza.

#5 Mzee wa Kaseti
#4 nakijua hicho kipande na nakishukuru, kwa sababu kinanisaidia mimi. Linganisha majibu mawili. La Cameron: kuna mama anayetaga. La Scott: yai ni WEWE. Jirani yako wa mezani ndiye anayegeuka ganda polepole huku akijua. Lipi linakuacha na hamu ya kula?

Nyongeza kwa wasiojua: toleo hilo la 2003 ni fupi kuliko la kwanza kwa dakika moja hivi. Ndiye mwongozaji pekee ninayemjua aliyepewa ruhusa ya kurefusha akapunguza.

#6 Fundi wa Melini
Huwa nasoma tu humu, leo nitachangia maana mada imenigusa kazini.

Mimi ni fundi wa mitambo kwenye meli za mizigo, mwaka wa 14 huu. Nikiona mijadala ya malkia na mayai najiuliza kama tuliangalia muvi moja. Nusu saa nzima ya mwanzo hakuna zimwi. Kuna nini? Kuna Parker na Brett, watu wa injini, wanalalamika kwamba mgao wao ni mdogo kuliko wa watu wa juu. Kuna mvuke, maji yanadondoka, kuna mtu anavuta sigara anajibu "sawa" kwa kila kitu. Halafu chombo kinaamshwa katikati ya safari, na wakikataa kwenda kuchunguza ishara iliyonaswa, Ash, mtu bandia mwenye damu nyeupe aliyewekwa mle kwa siri na Kampuni yenye chombo, anawasomea kipengele cha mkataba: usipokwenda, mgao wote umepoteza. Hapo ndipo muvi inapoanza. Kila kifo kinachofuata kimetoka kwenye kipengele hicho.

Niwape kisa. Safari moja, kampuni sitaitaja, pampu ya kupoza injini ilianza kuvuja kwenye sili. Tuliandika ripoti mara tatu. Jibu: endeleeni, mtatengeneza mkifika. Nikakaa zamu ya usiku na ndoo chini ya pampu, tochi mdomoni, nahesabu matone. Saa nne usiku yalikuwa 11 kwa dakika. Saa tisa, 26. Alfajiri sikuhesabu tena, ulikuwa mchirizi. Na kule juu kulikuwa na mtu mmoja, mpole kabisa, tunakula naye meza moja, ambaye kazi yake halisi ilikuwa kuwaandikia ofisi kwamba mafundi wanapenda kulalamika.

Ndiyo maana kwangu zimwi hasa ni Kampuni. Lile lenye meno ni mzigo tu uliopakiwa. Na hilo halijafa, lipo muvi zote, mpaka ile ya juzi.

#7 Kichwa Ngumu
Fundi, yule aliyekuwa anaandikia ofisi alikuwa na damu nyeupe?

#8 Fundi wa Melini
Sikupata nafasi ya kumpasua 😂

#9 Mla Skripti
#6 post ya mwaka hii. Niongeze kidogo tu kwa sababu inachekesha: Ash hakuwemo kwenye skripti ya Dan O'Bannon. Yule mtu bandia aliingizwa na Walter Hill na David Giler walipoiandika upya, na O'Bannon hakumpenda. Yaani kile unachokiita moyo wa muvi, baba wa muvi alikiona kiraka.

Kitu kingine kutoka kwa O'Bannon, chenye baraka zaidi: aliandika kwamba majukumu yote yanaweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Hakukuwa na "steringi wa kike" kwenye karatasi, kulikuwa na jina la ukoo tu. Ndiyo maana Ripley anaongea kama afisa wa chombo na si kama mwanamke aliyeandikwa na mwanamume.

#10 Mama Maleba
Wanaume mnajadili mchwa na mikataba, hakuna hata mmoja aliyemtaja mtu aliyekuwa NDANI ya zimwi.

Bolaji Badejo. Mnigeria, mwanafunzi wa sanaa jijini London, mwembamba, mrefu zaidi ya mita mbili. Alionekana baa na mtu wa kutafuta waigizaji, akaulizwa kama angependa kuwa kwenye muvi. Walimtaka yeye kwa sababu miguu na mikono yake ilikuwa mirefu kiasi kwamba ukimvika lile vazi macho yako yanakataa kuamini kuna binadamu humo. Walimpeleka kujifunza tai chi na maigizo ya kimyakimya ili ajue kwenda polepole. Kwa sababu ya mkia hakuweza kukaa kwenye kiti cha kawaida, ikabidi atengenezewe kitu kama bembea cha kupumzikia kati ya picha na picha. Hakuigiza tena muvi nyingine. Alifariki 1992, ana miaka 39, kwa selimundu.

Mimi nashona maleba ya jukwaani, najua vazi la mpira linavyochoma. Unatoka jasho mpaka linajaa kwenye vidole. Unaona kupitia kitundu. Hivyo mtu anajisogeza kwa tahadhari, na ile tahadhari ndiyo inayoonekana kama akili ya mnyama. Angalieni pale Lambert, mmoja wa wale saba, ameganda, lile jitu linavyojikunjua mbele yake bila haraka. Hakuna haraka kwa sababu kuna mtu humo ndani anayejitahidi asianguke.

Baadaye wakaja na kompyuta, mazimwi yanakimbia ukutani kama mende. Alien ilikufa siku mtu alipotoka ndani ya vazi. Hiyo ndiyo sababu yangu, malkia mwachieni.

#11 Binti Nyota
Mama Maleba nimesisimka. Sikuwa najua ya bembea.

#12 Mla Skripti
Marekebisho mawili kwa heshima, Mama. Kwanza, si kila tukio ni Badejo. Matukio ya hatari walivaa Eddie Powell na Roy Scammell, watu wa sarakasi za muvi. Pili, watu wengi wakisema "kompyuta" huwa wanafikiria Alien 3 ya 1992, lile zimwi la kijani kijani linalokimbia kwenye dari. Ile haikuwa kompyuta! Ni kikaragosi cha vijiti, kilipigwa picha peke yake kisha kikabandikwa juu ya mandhari. Kompyuta ilisaidia vitu vichache, kama pale kichwa kinapopasuka. Tena kabla ya kikaragosi walijaribu kumvalisha mbwa vazi la zimwi. Mbwa mwembamba wa mbio. Matokeo yake watu walicheka, mpango ukafa.

#13 Kichwa Ngumu
Mbwa kavalishwa zimwi 😂😂 Hiyo ningelipa kiingilio mara mbili.

#14 Mama Maleba
#12 nimekubali la pili, na la kwanza nilikuwa nalijua ila sikutaka kumgawia mtu sifa za kijana wangu.

#15 Yatima wa Newt
Kwa kuwa Alien 3 imetajwa, naomba na mimi nitoe machozi yangu ya miaka yote.

Nilikuwa na miaka 12. Nimeangalia namba mbili mpaka mkanda umeanza kukwaruza. Ripley kamwokoa mtoto Newt, askari Hicks kajeruhiwa lakini mzima, Bishop yule mtu bandia kakatwa nusu lakini anaongea. Familia imepatikana. Naweka namba tatu. Majina ya waigizaji HAYAJAISHA, Newt amezama, Hicks amekufa, na baadaye kidogo mtoto anapasuliwa kifua mezani. Nilitoka nje nikakaa ngazini. Kaka yangu alinifuata akidhani naumwa.

Malkia hakuua kitu. Kompyuta haikuua kitu. Aliyeua ni yule aliyeamua kwamba kila tulichopigania kwa saa mbili na dakika 17 kifutwe kabla sijakaa vizuri.

#16 Mzee wa Kaseti
Pole sana Yatima. Ila si ndivyo ulimwengu wa muvi ile ulivyo? Hakuna aliyeahidi familia.

#17 Yatima wa Newt
Cameron aliniahidi.

#18 Mla Skripti
Msimlaumu David Fincher peke yake. Ilikuwa muvi yake ndefu ya kwanza, walianza kupiga picha skripti haijakamilika. Kabla yake mwongozaji Vincent Ward alikuwa na wazo la sayari ya mbao inayokaliwa na watawa. MBAO. Kabla ya hapo William Gibson aliandika skripti nyingine kabisa. Mbao za watawa zikageuzwa gereza, watawa wakageuzwa wafungwa waliookoka, Fincher akakabidhiwa makombo akaambiwa apike. Mwenyewe ameikana mpaka leo. Tafuteni lile toleo refu lililotoka 2003, ng'ombe anachukua nafasi ya mbwa na wafungwa wanapata angalau utu. Dillon, kiongozi wao, mle ni mtu mzito sana.

Na Yatima, ungepata haki yako: Neill Blomkamp, yule wa Afrika Kusini, alitangaza 2015 kwamba anatengeneza Alien ambayo Hicks yu hai. Ikaishia kwenye michoro.

#19 Kijana wa Prometheus
Naona wazee mmekaa kikao cha ukoo. Sisi tulioingia kupitia Prometheus ya 2012, ile Scott aliyorudi nayo kusimulia yaliyotokea kabla ya namba moja, turuhusiwe kusema?

Sikuwa nimeona hata moja kabla. Kwangu ile ndiyo namba moja, na maswali yake ni makubwa kuliko ya mchwa: nani alituumba, na kama ukikutana naye akikuchukia? David, Michael Fassbender, ndiye mhusika bora wa mfululizo mzima. Mtu bandia aliyekutana na waumbaji wake, akaona ni watu wadogo, akaamua kuumba chake. Zimwi ni kazi yake ya mikono. Mnalalamika maelezo yanaua hofu, mimi maelezo ndiyo yaliyonitisha.

#20 Kichwa Ngumu
Ile muvi ambayo mchora ramani wa mapango ndiye anayepotea pangoni?

#21 Nipo Nipo
Na mtaalamu wa viumbe anamchekea nyoka wa sayari ngeni akitaka kumshika?

#22 Nesi wa Zamu
Na ule upasuaji jamani. Shaw, steringi wa Prometheus, anaingia kwenye mashine, mashine inamwambia imepangwa kwa wanaume tu (kuna mtu atakuja kuniambia ni dokezo kuhusu mzee Weyland, tajiri aliyegharamia safari, najua), anachanwa tumbo, linatolewa lidude kama pweza, anabanwa pini, anainuka ANAKIMBIA. Mimi nipo wodi ya upasuaji. Mgonjwa wa tumbo siku ya kwanza tunamshika huku na huku akae tu ukingoni mwa kitanda, na hapo anaona nyota mchana. Huyu anaruka mashimo.

Lakini nikiri: lile tukio ndilo pekee baada ya 1979 lililonifanya nishike tumbo langu. Ile kelele ya pini, chak, chak, chak, niliisikia kazini wiki nzima.

#23 Mzee wa Kaseti
#19 kijana karibu, humu hafukuzwi mtu. Ila hesabu yako ina tundu. Umesema zimwi ni kazi ya David. Covenant, muvi inayofuata Prometheus, ni mwaka 2104 kwenye hadithi. Nostromo ni 2122. Miaka 18. Sasa rudi kwenye namba moja, wanaingia kwenye kile chombo kigeni wanamkuta rubani mkubwa kitini, kifua kimepasukia nje, na Dallas anashangaa kwamba ameshageuka jiwe, kama ameota kwenye kiti. Jiwe! Shehena ya mayai chini yake. Ni mtu gani anageuka jiwe kwa miaka 18? Hata nguo zangu za ujana bado zipo.

#24 Kijana wa Prometheus
Dallas ni nahodha wa chombo cha mizigo, si daktari wa mifupa. Kasema kwa macho tu. Na Prometheus imeonyesha lile pua refu ni vazi, si mwili, kwa hiyo "jiwe" linaweza kuwa ni vazi.

#25 Mla Skripti
Halafu kwenye Prometheus yenyewe kuna mchongo ukutani wenye umbo linalofanana kabisa na zimwi, na huo ni wa kale kuliko David. Kwa hiyo hata ukiiacha 1979 pembeni, muvi inabishana na nyingine ya mtu yule yule. Mimi nasoma hivi: David hakuumba, alinakili. Ndiyo inamfanya awe wa kusikitisha zaidi, anajiona Mungu kumbe fundi wa fotokopi.

#26 Kichwa Ngumu
"Fundi wa fotokopi" naiba hiyo.

#27 Shabiki wa Piramidi
Mnasahau Alien vs. Predator, 2004. Mazimwi yapo chini ya barafu ya kusini, kwenye piramidi, maelfu ya miaka. David hana chake hapo. Na tajiri mle ni Charles Bishop Weyland, sura ya Lance Henriksen, inayoeleza kwa nini Bishop ana sura ile.

#28 Mzee wa Kaseti
Tulikuwa tunaendelea vizuri.

#29 Mla Skripti
Ndugu Piramidi, Scott alipokuja na Peter Weyland wake 2012 aliyafuta hayo bila hata kuaga. Ila nikutetee: fuvu la zimwi lilionekana kwenye kabati la makombe la Predator 2 mwaka 1990. Kwa hiyo huu udugu mlikuwa nao kabla ya barafu, mtake msitake.

#30 Shabiki wa Piramidi
Asante. Nimeweka kumbukumbu.

#31 Jicho Kondoo
Wakuu mnaongea kana kwamba mambo yaliishia Covenant. Na tamthilia ya Alien: Earth ya Noah Hawley, 2025? Imewekwa 2120, miaka miwili kabla ya Nostromo, na Hawley aliamua kutoyabeba yale maelezo ya Prometheus. Na amegundua dawa ya ugonjwa wa Mzee wa Kaseti: kama zimwi limeshazoeleka, leta mengine ambayo hayajazoeleka. Lile jicho lenye mikono ya pweza lililojichomeka kwenye kichwa cha kondoo, kondoo anakutazama tu. HALITAKI KUKULA. Linakutazama linafikiri. Nimeanza kukwepa macho ya kondoo.

#32 Nesi wa Zamu
Hujaweka tahadhari kwamba unafichua! Nilikuwa kipindi cha tatu 😤

#33 Jicho Kondoo
Samahani nesi. Jina langu lilikuwa tahadhari tosha.

#34 Binti Nyota
#31 upo sahihi kuhusu jicho, lakini angalia zimwi lenyewe kwenye tamthilia ile. Mchana kweupe, majanini, linaamriwa na binti wa kutengenezwa kama mbwa wa mlinzi. Kwa hiyo Mzee ana pointi, naumia kusema.

Kitu kingine, naona wengi mnaandika xenomorph kama ndilo jina lake. Luteni Gorman kwenye namba mbili analitamka kama neno la kiofisi, maana yake ni umbo geni basi. Ni kama polisi kuandika "mtu asiyejulikana" halafu sisi tukamwita Bwana Asiyejulikana miaka arobaini.

#35 Kichwa Ngumu
Nimetoka kidogo nimerudi. Romulus ya 2024 hakuna anayeisema? Fede Álvarez alirudisha mavazi, mitambo, vikaragosi, mkaba-uso wa kuendeshwa kwa rimoti. Mama Maleba ulitaka mtu ndani ya vazi, amerudi.

#36 Mama Maleba
Amerudi, nimeshangilia. Halafu wakamfufua Ian Holm, yule aliyecheza Ash, aliyefariki 2020, wakambandika sura kwenye mtu bandia mwingine. Familia iliridhia, sawa. Lakini mdomo ulikuwa unasema na macho hayapo. Muvi iliyojaa kazi safi ya mikono, na kitu kibaya kuliko vyote mle ndani ni uso wa binadamu.

#37 Fundi wa Melini
Nipo bandarini, mtandao umerudi. Romulus naipenda kwa dakika ishirini za kwanza. Yule binti Rain anakwenda dirishani ametimiza saa zake za kazi, anataka kuondoka, mhudumu anamwongezea saa nyingine kwa kubonyeza kitufe, bila hasira, bila hata kumtazama. Nilipaza sauti peke yangu chumbani. Baada ya hapo yakaja mazimwi, sawa, mazimwi.

#38 Rimoti Mkononi
Maoni ambayo hayatapendwa: mwendelezo bora wa namba moja si muvi. Ni gemu ya 2014, Alien: Isolation. Wewe ni Amanda, binti wa Ripley. Zimwi ni moja, haliuawi, na halifuati njia iliyopangwa, linakutafuta. Ukijificha kwenye kabati mara nyingi linaanza kuchungulia makabati. Niliikaa chini ya meza, kile kifaa cha kunasa mtikisiko mkononi, kinalia tit… tit… na nikagundua kelele yake ndiyo inayolileta. Mzee, hapo zimwi nalijua A mpaka Z na bado nilitupa rimoti.

#39 Mzee wa Kaseti
Huyu #38 ananisumbua kuliko wote. Ngoja nilale nayo.

#40 Shabiki wa Piramidi
Na Resurrection ya 1997 hakuna anayeitetea?

#41 Mla Skripti
Weaver alirusha mpira wa kikapu kinyumenyume, bila kuangalia, ukaingia kweli, hakuna ujanja wa kamera. Huo ndio utetezi wote.

#42 Yatima wa Newt
Steringi aliyekufa kwenye tanuru akarudishwa kwa tone la damu, lakini Newt hakuna aliyemtafutia tone.

#43 Mzee wa Kaseti
Wakuu, nimerudi na taarifa. Jana usiku nimemwekea binti yangu namba moja, ana miaka 16, hajawahi kuiona. Nilitaka ushahidi wa kuleta humu.

Tukio la kifuani: hakushtuka. Kasema ameliona mara mia mtandaoni, kuna hadi katuni zake. Zimwi lenyewe: "Si lile la kwenye kikombe cha mjomba?" Nikajisemea, nimeshinda kesi.

Lakini kuna mahali mapema sana, wenzao wanatembea nje kuelekea kile chombo kigeni, Ash anakwenda kukaa dirishani awaangalie. Kabla hajakaa anafanya kitu cha sekunde moja, anakimbia hapo hapo alipo, hatua fupi fupi, kama mashine inajipasha. Nimeiangalia muvi hii zaidi ya mara ishirini, sikuwahi kulitilia maanani. Yeye akasimamisha. "Baba, huyu mtu ana nini?" Nikamwambia endelea. Akawa hamwangalii mtu mwingine. Kila Ash akiingia anavuta blanketi. Kichwa kilipong'oka akapiga ukelele, akasema NILIJUA, halafu akakataa kwenda kulala peke yake.

#44 Fundi wa Melini
Mlete huyo binti melini.

#45 Kichwa Ngumu
Kesi imekugeukia mzee 😂 Na paka? Aliuliza kuhusu paka?

#46 Mzee wa Kaseti
Aliuliza mara nne kama Jones atapona.

Sasa anataka namba mbili leo jioni. Ninayo ya dakika 137 na ile ndefu ya 154. Nimwekee ipi?

#47 Yatima wa Newt
Ndefu! Bila ile Ripley kuambiwa kwamba binti yake amekufa bibi kizee wa miaka 66, huwezi kuelewa kwa nini anamrudia Newt.

#48 Binti Nyota
Fupi. Ile ndefu inakupeleka koloni kabla ya askari kufika, unamwona baba yake Newt ameshakabwa uso. Unafika mlangoni na Ripley ukiwa tayari unajua kilichomo ndani.

#49 Kichwa Ngumu
Ndefu. Ina zile bunduki zinazojipiga zenyewe.

#50 Mama Maleba
Fupi.

#51 Rimoti Mkononi
Ndefu, kuna Amanda.

#52 Nipo Nipo
Ina maana kuna matoleo mawili??